Maji Yaliyoingia Ndiyo Yanayoangusha Mlima

Jumapili ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Miili ilikuwa bado inatafutwa pale simu zilipojaa habari kwamba volkano imelipuka. Wataalamu wa jiolojia walieleza vingine: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikameguka. Volkano ya Hanang ilizimika zamani sana. Uvumi ule ulikufa baada ya siku chache, lakini pakabaki maelezo mawili ambayo yanaishi mpaka leo, na kwa maoni yangu yana madhara makubwa zaidi. La kwanza ni kwamba ilikuwa mvua tu. La pili ni kwamba dawa ya mambo haya inajulikana: pandeni miti, chimbeni matuta.

Msimamo wangu ni huu. Katika milima yetu tumekuwa tukipambana na maji yanayopita juu ya ardhi, tukayasahau yale yanayoingia ndani. Maji ya juu huiba udongo kidogo kidogo, na huo tunauita mmomonyoko. Maji ya ndani huangusha mteremko mzima juu ya watu waliolala, na hilo ni poromoko. Haya ni maradhi mawili, na dawa ya moja yaweza kuwa sumu kwa lingine. Tukiendelea kuyatibu kama ugonjwa mmoja, tutaendelea kuzika.

Tuanze na shimo. Ukichimba shimo la kimo cha mtu kwenye mteremko wa Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, ukashuka humo na kisu mkononi, utasoma historia ndefu. Juu kabisa kuna tabaka jeusi la upana wa kiganja, lenye mizizi na harufu ya mboji. Chini yake udongo ni mwekundu na mzito, unaong'ang'ania kisu. Shuka zaidi ya hapo, utakutana na kitu kinachofanana na jiwe. Kina michirizi ya jiwe na ulanga unaometameta, lakini ukikibonyeza kwa kidole gumba kinamomonyoka kama sukari guru iliyopigwa na unyevu. Ni mwamba uliooza palepale ulipo, bila kusogea. Chini yake ndipo unapokuja mwamba mgumu, na pale viwili hivyo vinapokutana, wakati wa masika, ukuta wa shimo hutoka jasho.

Kilichouozesha mwamba huo ni mvua. Maji ya mvua yakipita kwenye majani yanayooza na mizizi inayopumua hubeba hewa ya kaboni, yakawa asidi hafifu. Asidi hiyo hula madini ya feldispa, ambayo ni mengi katika miamba yetu ya kale, na kinachobaki ni udongo wa mfinyanzi. Ulanga hufunuka kurasa kama kitabu kilicholowa. Chuma kilichokuwa kimefungwa ndani ya madini hupata kutu, na kutu hiyo ndiyo wekundu unaouona barabarani kuanzia Lushoto hadi Kisii. Kazi hii ni ya polepole mno: sentimita moja ya udongo juu ya mwamba mgumu huweza kuchukua karne na zaidi. Wakati huohuo mchwa wanapandisha udongo laini kutoka chini, punje kwa punje, wanajenga kichuguu, kisha mvua inakibomoa na kuutandaza. Shamba ambalo mkulima anadhani amelikuta limetulia tangu kuumbwa kwa dunia lilikuwa likisagwa, likipinduliwa na kusogezwa wakati wote.

Kwa hiyo kila mwaka mlima unaongeza kidogo kile kitakachokuja kuporomoka. Anayesema mlima umebomoka kwa sababu ya mvua ya usiku mmoja anaihesabu shilingi ya mwisho iliyotimiza bei, na kuzisahau zote zilizotangulia.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hawaambiwi. Mtaalamu wa Marekani, Hans Jenny, aliandika mwaka 1941 kwamba udongo hutokana na mambo matano: tabianchi, viumbe hai, sura ya ardhi, mwamba wa asili na muda. Vitabu vyote vinamtaja. Lakini miaka kadhaa kabla yake, mkemia wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Usambara Mashariki, alikwisha kuonyesha namna udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni. Mwaka 1935 aliupa mpangilio huo jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na dunia nzima inalitumia hadi leo. Nadharia hiyo ilizaliwa kwa kutazama vilima vya Afrika Mashariki. Na Milne hakuwa wa kwanza kuviona. Wasukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo muda mrefu kabla yake: luseni, mchanga wa juu ya mteremko, itogolo, ardhi ngumu iliyo chini yake, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi. Kila jina linakueleza pia upande nini na wakati gani.

Mnyororo una maana moja kubwa kwa mada yetu: udongo haukai pale ulipozaliwa. Hutambaa. Ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na kila mara hurudi chini zaidi ya pale ulipoanzia. Sisi nasi tunausukuma. Mtazame mama anayelima kwa jembe la mkono kwenye mteremko mkali. Husimama akiangalia juu, maana kuangalia chini kungemwangusha, na kila pigo la jembe huvuta udongo kuelekea miguuni pake. Mpaka jua linapozama, shamba zima limeshuka kidogo bila tone la mvua. Vizazi vikipita, migongo ya vilima hubaki na ngozi nyembamba, na udongo hujikusanya kwenye vibonde vile vyenye umbo la upawa, ambamo pia maji ya mteremko hukutana. Udongo mnene na maji mengi, mahali pamoja. Mimi nikifika kwenye mlima nisioujua, vibonde hivyo ndivyo ninavyovitafuta kwanza, na mara nyingi nakuta kuna nyumba ndani yake, kwa sababu ndipo penye rutuba na karibu na chemchemi.

Sasa tuone jinsi udongo unavyoachia. Wengi husema maji yanaulainisha mteremko kama mafuta yanavyolainisha bawaba. Kazi kubwa ya maji ni nyingine. Nenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa, utazame mtumbwi uliolala mchangani. Vijana wanne wataupiga mabega na hautaondoka, kwa sababu uzito wake wote unaukandamiza mchanga. Subiri maji yajae. Uzito wa mtumbwi haujapungua hata kilo moja, lakini maji yameubeba, na mtoto mmoja anausukuma kwa mkono. Ndivyo inavyokuwa ndani ya mteremko. Udongo umesimama kwa sababu uzito wake unazibana punje zake dhidi ya nyingine na dhidi ya mwamba ulio chini. Maji yanapoujaza kutoka chini kwenda juu, yanasukuma punje zisigusane sawasawa, na ule mshiko unapungua mpaka uzito unaovuta chini unaushinda. Mhandisi Karl Terzaghi alilipigia hesabu jambo hili katika miaka ya 1920, na fani nzima ya misingi ya majengo imesimama juu yake. Mvua ikichelewa kupenya, mteremko unaweza kuanguka hata saa kadhaa baada ya mawingu kufunguka, wakati watu wameshakwenda kulala wakijua hatari imepita.

Wazee wa Zomba, Malawi, mafuriko na maporomoko ya Desemba 1946 waliyaita Napolo, joka kubwa linalokaa ndani ya mlima na kutoka likifuata maji. Nimesikia wasomi wakilicheka simulizi hilo. Mimi silicheki, kwa sababu limeshika jambo ambalo mipango yetu mingi imelikosa: kinachoua kilikuwa ndani ya mlima kabla hakijaonekana nje.

Ushahidi bora tulio nao hapa nyumbani Tanzania ni wa zaidi ya miaka 50. Februari 23, 1970, mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiofika saa 3. Maporomoko zaidi ya 1,000 yalitokea katika eneo lile dogo. Paul Temple na Anders Rapp, waliokuwa katika utafiti wa pamoja wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, walikwenda kuyahesabu na kuyapima, na mwaka 1972 wakachapisha matokeo. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Yaliyoanzia chini ya miti hayakufika moja katika kila mia. Mvua ilikuwa ileile na milima ileile. Tofauti ilikuwa mizizi, inayoushona udongo wa juu na mwamba uliooza, na inayokunywa maji siku zote ili udongo usiingie masika ukiwa tayari umejaa.

Matokeo hayo yamekuwa yakitumiwa kwa pupa, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaohubiri miti. Kwanza, mizizi ina muda wake. Mti ukikatwa, mizizi haifi siku hiyo. Huoza kwa miaka kadhaa, na mteremko unazidi kulegea huku mizizi mipya haijashika. Ndiyo maana mtu hukata msitu, anaona msimu wa kwanza na wa pili umepita salama, anakuambia kwamba maneno ya wataalamu ni vitisho. Hatari inakuja baadaye, wakati hata aliyekata ameshasahau. Na mche unaopandwa leo siku ya maadhimisho, mbele ya kamera, hautashika mteremko huo kwa miaka mingi. Pili, mizizi hushona kina kifupi tu. Maporomoko ya Mgeta yalikuwa mafupi kwa kina, na hapo miti ilifaa sana. Hanang ni habari nyingine. Ule ni mlima wenye msitu wa hifadhi, na tope lake lilishuka na miti yake. Mahali ambapo mwamba wenyewe umeoza na kulowa chini ya mizizi, msitu utasafiri pamoja na ardhi iliyoubeba, na magogo yatakuwa rungu mkononi mwa tope. Napenda misitu ya milimani na nitaitetea maisha yangu yote; anayekunywa maji ya bomba Dar es Salaam anakunywa Mto Ruvu, unaozaliwa Uluguru. Lakini kumwambia mtu anayeishi mdomoni mwa korongo kwamba miti ya huko juu itamkinga ni kumdanganya.

Matuta nayo yana historia ya kusikitisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi chini ya mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru. Nia iliyotajwa ilikuwa kuzuia mmomonyoko. Lakini ukikata ngazi kwenye mteremko wenye ngozi nyembamba, unafukia lile tabaka jeusi la upana wa kiganja na kuleta juu ule mwamba uliooza usio na rutuba. Mavuno yalishuka, jasho likaongezeka. Julai 1955 ghasia zilizuka upande wa Matombo, risasi zikafyatuliwa, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Simulizi hili mara nyingi husimuliwa kama siasa tu, na siasa ilikuwemo. Mimi nasema wakulima wale pia walikuwa na hoja ya kitaalamu. Waliujua udongo wao kuliko waliokuja kuupima kwa kamba.

Kuna kosa la pili katika matuta, ambalo bado tunalifanya. Tuta la fanya juu, la udongo uliorushwa upande wa juu wa mtaro, lililoenea Machakos ni baraka, kwa sababu kule mvua ni haba na kila tone linatakiwa liingie. Chukua tuta hilohilo, lipeleke kwenye udongo mnene wa mfinyanzi wa Mlima Elgon, juu ya nyumba za watu, na umeutegea mteremko mtego wa kukusanya maji. Umezuia mmomonyoko, umelisha poromoko. Bududa, upande wa Uganda wa mlima huo, kijiji cha Nametsi kilifukiwa Machi 1, 2010, na mamia ya watu walipotea humo. Sisemi matuta ndiyo yaliyofanya hivyo. Ninasema kwamba katika sehemu kama ile swali la kwanza liwe maji yatoke vipi, na swali la yashikwe vipi lije baadaye.

Nini kifanyike basi? Jibu linatofautiana mteremko na mteremko. Kwenye migongo yenye udongo mfupi, zuia maji ya juu: majani yafunike ardhi, nyasi zipandwe kwa mistari, na jembe lipunguze kuvuta. Wamatengo wa Mbinga wametuonyesha kwa vizazi vingi kwamba mteremko mkali unalimika. Ngoro zao, vishimo vya mraba vilivyozungukwa na kingo zenye majani yaliyofukiwa, huitunza ardhi na rutuba bila kufukua udongo uliokufa, na hakuna ofisa aliyewafundisha. Kwenye vibonde vya upawa, mambo ni kinyume. Huko miti ibaki, tena ya aina mbalimbali na yenye mizizi mirefu, isikatwe yote kwa mkupuo. Migomba haihesabiki kama miti katika jambo hili. Mizizi yake ni ya juujuu na shina lake ni maji matupu. Juu ya kibonde ichimbwe mitaro ya kukinga maji yenye mwinamo wa taratibu, iyapeleke pembeni hadi kwenye mkondo wa asili uliopandwa nyasi. Mtaro usio na mahali pa kumwagia ni bora usichimbwe.

Usikate kitako cha mteremko. Katika ziara zangu hakuna kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko hili: mtu anachonga ukuta wa udongo wa mita tatu ili apate uwanja wa nyumba, halafu analaza watoto chumba kilichogusana na ukuta huo. Ule udongo aliouondoa ndio uliokuwa umeubeba mlima mgongoni. Na maji ya paa yasiachwe yadondoke hapo nyuma. Bukavu, huko Kongo, mtaa wa Funu umekaa juu ya poromoko kubwa linalosogea polepole mwaka hadi mwaka, na watafiti wameonyesha kwamba kukua kwa mji juu yake kumeliongezea mwendo. Paa, mifereji na mabomba yanayovuja ya maelfu ya nyumba yanaweza kubadili njia ya maji ardhini kama mvua ya nyongeza. Miji yetu ya milimani inayokua haraka itazame huko.

Kuhusu ardhi ya chini ya milima, tuseme ukweli unaouma. Ardhi ile ni nzuri kwa sababu mlima ulishuka. Maziwa ya Momela, chini ya Mlima Meru, yamekaa katikati ya vilima vya mawe na tope vilivyomwagwa na mlima huo ulipobomoka upande wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Mahali popote ambapo ukichimba msingi wa nyumba unakuta mawe makubwa yamechanganyika ovyo na udongo, bila matabaka, unachimba poromoko la zamani. Fundi analijua hilo kabla ya mhandisi, maana yeye ndiye anayevunja sururu. Ningependa kila halmashauri ya milimani iwe na ramani ya sehemu hizo, ikianza kwa kuwauliza mafundi na wazee, na viwanja visigawiwe hapo hata kama eneo ni tambarare na linavutia. Kipimo cha mvua kiwepo kila kijiji, na mtu wa kukisoma usiku. Mamlaka ya Hali ya Hewa inaweza kutuambia mvua kubwa inakuja mkoani. Haiwezi kutuambia kibonde cha nyuma ya shule kimeshajaa kiasi gani.

Dalili zipo, na zinaonekana kwa macho. Ufa wenye umbo la mwezi mchanga juu ya shamba. Chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, au ya zamani iliyoanza kutoa maji ya tope. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unagoma. Nguzo zilizoinama pamoja kuelekea chini. Ukiona moja, mwambie mwenyekiti wa kitongoji, na msimu wa mvua lala kwa ndugu aliye kwenye mgongo wa kilima.

Na wewe unayeishi karibu na korongo: mvua ikiendelea kunyesha huku mto ukipungua ghafla, usiende kuutazama. Huko juu kuna kitu kimeziba, na kitaachia. Waamshe watoto, gonga kwa jirani, acha mifugo na mizigo. Msikimbie kufuata bonde, kwa sababu tope litawazidi mbio. Pandeni kando, mbali na mkondo, mpaka mahali palipoinuka, na mkae huko hadi kuche.